Hatukujua Kama Kuna la Kuuliza

Mama yangu amehitimu Qurani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 12. Akavishwa kanga mpya, akapikiwa pilau, wenzake wa chuoni wakamzungusha mtaani kwa dufu. Tangu hapo kila Ramadhani huisoma yote, juzuu moja kwa siku, baada ya swala ya alasiri, amekunja miguu juu ya mkeka, msahafu mbele yake juu ya marufaa. Hakosei herufi. Akisikia mtu redioni amevuta pasipovutwa, hutikisa kichwa.

Kwa hesabu hiyo, kila siku ya nne ya Ramadhani mama huifikia Surat An-Nisaa. Huzisoma kwa sauti aya ya 7, ya 11 na ya 12, zile zinazotaja nani anarithi na anarithi kiasi gani. Amezisoma hivyo kila mwaka tangu utotoni. Na mwaka 2011, alipotolewa nyumbani kwake kwa jina la Kitabu hichohicho, hakuwa na neno hata moja la kujibu.

Nataka kueleza jambo hilo liliwezekanaje. Kisha nataka kugombana na wale wanaotaka liendelee kuwezekana.

*

Baba alifariki mwaka huo mjini Tanga, nikiwa kidato cha pili. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Aliacha mke mmoja, mabinti wawili, mimi na mdogo wangu wa miaka 8, na ndugu mmoja wa tumbo moja aliyemfuata kuzaliwa. Aliacha pia nyumba ya vyumba sita Ngamiani. Vitatu tulikaa wenyewe, vitatu tulipangisha.

Siku ya tatu ikasomwa hitima. Wanaume walijaa barazani na uwani, juzuu 30 zikagawiwa, kila mtu akainamia yake, wote wakisoma kwa pamoja kwa sauti ya chini kama nyuki. Haikupita saa moja, Qurani nzima ikawa imesomwa. Yasini ilirudiwa sijui mara ngapi. Ukafukizwa ubani, ikasomwa dua, sahani zikatoka.

Baada ya arobaini wanaume wakakaa tena barazani. Mama alikuwa edani, ndani, nyuma ya pazia. Baba mdogo alisema maneno machache, tena kwa upole, na upole ule ndio uliotumaliza. Alisema marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo nyumba inarudi kwa ukoo. "Si mimi niliyesema," akaongeza. "Kitabu ndicho kilichosema."

Wazee wakaitikia. Mwalimu aliyetusomesha chuoni alikuwapo. Alisoma dua ya kufungia kikao.

Mama akajibu kutoka nyuma ya pazia: "Ikiwa ndivyo Mungu alivyosema, shemeji, mimi ni nani?"

Eda ilipokwisha tulihamia Muheza kwa bibi. Mama akaanza kukaanga maandazi ya kuuza alfajiri. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Ramadhani ilipofika aliweka msahafu juu ya marufaa kama kawaida, na siku ya nne akaisoma Surat An-Nisaa kwa sauti yake nzuri, bila kukosea herufi.

*

Mimi nami nilisomeshwa kama yeye. Nilianza chuo nikiwa na miaka 5: alifu, bee, tee, kisha Juzuu Amma, kisha kupanda taratibu mpaka Baqara. Nawashukuru walimu wangu, na bakora zao nimewasamehe. Walinipa ulimi. Kuna Waislamu wengi duniani wanaotamani kuusoma msahafu kama tunavyousoma sisi watoto wa pwani, na hawawezi.

Lakini tulipouliza maana, tuliambiwa maana ni ya wakubwa. Tulipokua, tukaambiwa maana ni ya masheikh. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na sisi tukaugeuza msemo ule kuwa mtaala.

Miaka saba baada ya msiba, nikiwa chuo kikuu Dar es Salaam nasomea uhasibu, mwenzangu wa chumbani aliniuliza swali. Yeye ni Mkristo. Alikuwa amenizoea kuniona kila usiku nikisoma Surat Al-Mulk kabla ya kulala. Akauliza, "Hiyo unayoisoma inasema nini?"

Nikamjibu kwamba inamkinga mtu na adhabu ya kaburi.

"Hiyo ni faida yake," akasema. "Nimekuuliza inasema nini."

Sikujua. Nilikuwa nimeisoma kila usiku kwa miaka mingi, aya 30, bila kutazama msahafu, na sikuweza kumwambia hata jambo moja lililomo ndani yake. Hakunicheka. Alivuta shuka akalala. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo kwenye duka la vitabu vya dini, nikanunua tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy. Nikaanza mwanzo. Baada ya wiki tatu nikafika An-Nisaa.

Aya ya 7 inasema kwamba wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake nao wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Nikaisoma mara tatu. Aya ya 10 inasema juu ya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma, kwamba wanakula moto. Aya ya 11 inataja mafungu ya mabinti. Aya ya 12 inataja fungu la mjane: akiwa mumewe ameacha mtoto, basi ni thumni. Mtoto tu. Haikusemwa awe wa kiume.

Nikachukua kalamu, maana hiyo ndiyo kazi ninayosomea. Na hapo nikakwama. Aya inasema mabinti wakiwa zaidi ya wawili wana theluthi mbili, na akiwa mmoja ana nusu. Sisi tulikuwa wawili kamili. Nilivyoielewa mimi usiku ule, wawili hawamo katika theluthi mbili. Nikatuandikia nusu.

Nilikosea. Nalieleza kosa hili kwa makusudi, kwa sababu najua ndilo watakalolishika wale ninaogombana nao. Wasubiri kidogo.

*

Ijumaa iliyofuata nilimwendea sheikh mmoja anayesomesha darsa ya wanawake. Nikamwonyesha karatasi yangu. Nikamuuliza: mabinti wawili wapo wapi katika aya hii?

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali analolipenda. Akaniambia kwamba kesi yetu ina zaidi ya miaka 1,400. Sahaba mmoja wa Madina, Saad bin Rabii, aliuawa katika vita vya Uhud. Aliacha mke na mabinti wawili. Ndugu wa marehemu akaichukua mali yote. Mjane yule hakukaa nyuma ya pazia. Alikwenda na mabinti zake kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akashitaki. Ndipo ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ndugu wa marehemu, akamwamuru awape mabinti wawili theluthi mbili, ampe mama yao thumni, na kinachobaki ndicho chake. Habari hiyo imo katika Abu Daud na Tirmidhi, na ndiyo iliyowafanya wanavyuoni kushika kwamba mabinti wawili wana theluthi mbili.

Mke, mabinti wawili, ndugu wa marehemu. Ni sisi wenyewe. Hakukosekana hata mtu mmoja.

Nilirekebisha hesabu palepale. Tugawe mali mafungu 24: mjane 3, mabinti 16, ndugu 5. Tuseme nyumba ile ingethaminiwa shilingi milioni 48. Mama milioni 6. Mimi na mdogo wangu milioni 16 kila mmoja. Baba mdogo milioni 10. Alikuwa na haki yake, simnyimi. Haki yake ilikuwa chumba kimoja na robo katika vyumba sita.

Kisha sheikh akaniuliza: "Mbona hamkuja kuuliza wakati ule?"

Nikamjibu: "Hatukujua kama kuna la kuuliza."

Kila nitakalosema kuanzia hapa linatokana na jibu hilo.

*

Kwa miaka mingi nimesikia hoja moja ikirudiwa misikitini, kwenye vikundi vya simu, na hata na marafiki zangu wenye digrii mbili. Inasema: usisome Qurani mwenyewe, utapotea, waulize wanaojua. Hiyo sehemu ya pili ni amri nzuri na imo ndani ya Qurani. Lakini mtu huuliza alichokiona. Mama hakuuliza kwa sababu hakuwa ameona kitu. Alikuwa na Kitabu kizima kifuani na hakujua kwamba jina lake limeandikwa humo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo akaulize, ni kama kumwambia kipofu achague rangi.

Na tazama kilichonitokea mimi. Nilisoma mwenyewe nikakosea, kisha nikauliza. Kosa langu lilidumu siku nne. Mama hakusoma mwenyewe, na kosa la mtu mwingine likakaa juu ya kichwa chake miaka saba. Sasa niambieni nani alipotea zaidi.

Wanasema: huna Kiarabu. Kweli sina, isipokuwa kidogo ninachojifunza sasa, nahau yenyewe inanitoa jasho. Najua pia kwamba tafsiri si Qurani. Lakini kila Ijumaa khatibu hupanda mimbari, akasoma aya kwa Kiarabu, kisha akaieleza kwa Kiswahili, na sisi wote tusio na Kiarabu tunaondoka tumeridhika. Wakati huo hakuna anayesema tumepotea. Kwa nini Kiswahili ni salama kinapotoka mdomoni mwa mtu mmoja, kikawa hatari kinapokuwa kwenye ukurasa ambao kila mtu anaweza kuufungua akahakikisha? Mimi naona jibu liko wazi: kwenye ukurasa, mzungumzaji anaweza kukaguliwa.

Tena waliotuandikia kurasa hizo ni wanavyuoni wenyewe. Hapa inafaa tukumbushane historia, kwa sababu ina aibu kidogo. Tarjuma kamili ya kwanza ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeitoa ni padri Mwingereza, Godfrey Dale, wa misheni ya Kianglikana Zanzibar. Aliifanya ili wahubiri wa Kikristo wajue Waislamu wanaamini nini na waweze kujibizana nao. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akiwaandikia watu wake magazeti katika miaka ya 1930, alianza tafsiri ya Kiswahili, akafariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiyya. Ndipo mwaka 1969 ikatoka kamili ile ya Sheikh Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika miaka ya 1990 ikafuata ya Sheikh Ali Muhsin Barwani.

Kutoka 1923 hadi 1969 ni miaka 46. Kwa miaka 46 mtu wa pwani aliyetaka kujua Kitabu chake kizima kinasema nini kwa lugha yake alikuwa hana pa kukisoma kutoka kwa Sunni mwenzake. Sasa hebu tujiulize: Sheikh al-Amin na Sheikh Farsy walimwandikia nani? Hawakumwandikia anayejua Kiarabu, huyo hakuwahitaji. Walimwandikia muuza samaki, mwalimu wa shule, mama wa nyumbani. Walituita. Miaka zaidi ya 50 imepita na wapo wanaosimama mlangoni kwa jina la wanavyuoni, wakituzuia tusiitikie wito wa wanavyuoni.

*

Hoja ya pili ni nzito zaidi na siipuuzi. Wanasema: kila mtu akijisomea, kila mtu atakuwa na dini yake, na tumeona vijana walivyoharibika. Ni kweli tumeona. Kuna familia za pwani hii, Kenya na kwetu pia, ambazo zimepoteza watoto wa kiume waliofuata watu wenye maneno makali na aya mbili mkononi.

Lakini tuangalie vizuri. Kijana yule hakupotea kwa kuwa aliisoma Qurani kutoka Al-Fatiha mpaka An-Naas na kukaa nayo. Alipewa aya iliyokatwa, kwenye video ya dakika mbili, na mtu aliyemwambia maana yake ndiyo hii na anayeuliza hana imani. Kila mtoto wa chuo anajua mfano wa Surat Al-Maauun: ukiikata kwenye aya ya 4, utadhani wanaoswali ndio wanaolaaniwa. Ukisoma ya 5 mpaka ya 7 unaona wanaokusudiwa ni wanaoipuuza swala yao, wanaojionyesha, na wanaowanyima watu hata msaada mdogo. Mtu aliyezoea kusoma kinachotangulia na kinachofuata hatishwi na kipande. Anayeweza kudanganywa kwa kipande ni yule ambaye hajawahi kuona kitu kizima.

Baba mdogo hakuwa na bunduki. Lakini njia aliyotutumia ilikuwa hiyohiyo: alitaja Kitabu mbele ya watu ambao hawakuwa na uwezo wa kukifungua.

Na hapa nitofautishe mambo mawili, maana yanachanganywa kwa makusudi. Kuzingatia si kutoa fatwa. Sijasema muuza maandazi akae atoe hukumu za talaka. Nimesema ajue anachokisoma, kimguse, kimsumbue, kimfanye aulize. Anayetoa fatwa anahitaji elimu ya miaka mingi. Anayezingatia anahitaji moyo, akili, na adabu ya kusema sijui. Hayo ya pili hayana kadhi wala cheti. Qurani yenyewe katika Surat Saad, aya ya 29, inasema imeteremshwa ili watu wazizingatie aya zake. Katika Surat Muhammad, aya ya 24, inawauliza wasioizingatia kama nyoyo zao zina kufuli. Sijaona popote ilipoandikwa kwamba wanaoulizwa hapo ni wahitimu wa Madina peke yao.

Hoja ya tatu ni ya watu wapole, na ndiyo iliyokuwa ya mama. Wanasema: kila herufi ina thawabu, hata usipoelewa. Mimi naiamini hadithi hiyo. Lakini tumeifanya godoro la kulalia. Imepokewa kutoka kwa Abu Abdurrahman as-Sulami kwamba masahaba waliowasomesha walikuwa wakijifunza aya kumi, na hawakuzivuka mpaka wajue yaliyomo na wayatende. Katika Muwatta ya Imamu Malik imo habari kwamba Abdullah bin Umar alikaa miaka 8 akijifunza Surat Al-Baqara peke yake. Huyo Kiarabu kilikuwa lugha ya mama yake! Sisi tunaimaliza Baqara kwa siku mbili na nusu, tukashangilia kasi.

*

Nimewasema wengine, sasa niwageukie ninyi na mimi, tuliosoma.

Tunajua kusoma mkataba wa kazi mpaka maandishi madogo ya chini. Tukitaka kununua simu tunalinganisha tatu kwa wiki nzima. Tukiandika tasnifu, tunasoma vitabu 50 kwa ajili ya ukurasa mmoja. Lakini Kitabu tunachosema ndicho kitakachotuhoji tumekiacha kifanye kazi za mapambo. Tumekitundika ukutani. Tumekivaa shingoni. Tumekifanya mlio wa simu. Tumekiandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukakiosha kwa marashi, tukakinywa kombe. Siwadharau wanaokunywa kombe, bibi yangu alininywesha nami nikapona homa. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuinywa Qurani na asijue imemwambia nini.

Fikiria Yasini, tunayoisoma kwa maiti pengine kuliko sura nyingine yoyote. Aya yake ya 70 inasema kwamba Qurani imekuja ili imwonye aliye hai. Nilipoikuta aya hiyo nilikumbuka baraza letu la Ngamiani, wanaume wote wale wakiisoma mbele ya msiba, na Yasini yenyewe inawaambia waziwazi kwamba haisemi na marehemu, inasema na wao.

Fikiria Surat Al-Baqara, aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qurani. Ungetarajia aya ndefu kuliko zote izungumzie pepo. Inazungumzia kuandikiana deni. Inataka deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, kwa muda maalumu, mwandishi asikatae kuandika, anayedaiwa ndiye aeleze, na pawe na mashahidi. Nina marafiki waliovunja urafiki wa miaka kumi kwa sababu ya laki tatu zilizokopeshwa kwa mdomo, "sisi ni ndugu bwana." Wote wawili waliwahi kuhifadhi Baqara.

Sitawadanganya kwamba kila nililosoma lilinifurahisha. Katika aya ileile ya deni kuna suala la mashahidi wanawake wawili kwa mwanamume mmoja. Katika aya ileile ya mirathi, mtoto wa kiume ana fungu la mabinti wawili. Nimesoma maelezo ya wanavyuoni kuhusu wajibu wa mwanamume kulisha na kutoa mahari. Baadhi yamenituliza, mengine bado ninayo mezani. Lakini swali ninalolijua na kulibeba ni bora kuliko utulivu wa mtu asiyejua amesoma nini. Mwenye kuogopa kwamba ukisoma utauliza, anaiogopea Qurani kitu ambacho yenyewe haikijiogopei.

*

Nilikwenda kwa baba mdogo na karatasi yangu. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwonyesha 3, 16 na 5. Akauliza nimesoma chuo gani hata nije kumfundisha Qurani. Nyumba alikuwa ameshaiuza. Aliyeinunua alivunja baraza akajenga fremu za maduka. Mama alikataa twende mahakamani. Nyumba haikurudi, na sidhani kama itarudi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea mama tafsiri Muheza. Nilimwomba asome aya ya 11 kwa Kiarabu, kama anavyosoma siku zote. Akasoma. Kisha nikamsomea Kiswahili chake. Halafu ya 12. Halafu nikamweleza habari ya mjane wa Saad.

Alinyamaza muda mrefu. Unga wa maandazi ulikuwa umeumuka ukamwagika pembeni ya beseni na hakuutazama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Hii ilikuwamo siku zote?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akasema: "Miaka saba nilidhani ni Mungu aliyenitoa mle ndani."

Nimesikia watu wakisema kwamba mjadala huu ni wa kisomi, wa vijana wa mjini wanaotaka kuonekana wajuaji. Naomba walifikirie neno hilo la mama. Kilichoibwa pale barazani kilizidi vyumba sita. Mwanamke aliyempenda Mola wake aliaminishwa kwamba Mola wake ndiye aliyemdhulumu, akavumilia, akaendelea kumsujudia mara tano kwa siku na kidonda hicho ndani. Na dawa ya kidonda ilikuwa juu ya marufaa, kila mwaka, siku ya nne ya Ramadhani, ikitoka mdomoni mwake mwenyewe.

Kwa hiyo sikubali kuambiwa ningoje mpaka nijue nahau yote, wala kwamba wazee wetu walitosheka na kusoma tu. Wazee wetu walinyang'anywa. Anayetaka kunisahihisha anikute nimesoma, anisahihishe, nitamshukuru kama nilivyomshukuru yule sheikh. Anayetaka nisisome kabisa, ninamuuliza kuna nini humo asichotaka nikione.

Mimi na mama sasa tunasoma aya kumi kwa usiku, yeye Kiarabu, mimi Kiswahili, kwa simu tukiwa mbali. Yanayotushinda tunayaandika kwenye daftari, nami huyapeleka darsani. Daftari la kwanza limejaa. Hatujafika mbali.

Mwaka jana jirani yetu wa Muheza alifiwa na mumewe. Ana watoto wanne, mkubwa ana miaka 11. Wiki ya pili ya eda, mama alijifunga kanga zake, akachukua tafsiri chini ya kwapa, akaenda kukaa naye. Mimi nilikuwa likizo, nikamfuata. Alimpa pole tena, wakazungumza mambo ya watoto, ada za shule, paa linalovuja. Kisha mama akaweka kitabu mkekani kati yao.

"Watakuja na Kitabu, mwanangu," akamwambia. "Wakija, nawe uwe umekisoma."

Akafungua juzuu ya nne.